Bi Mwanne na Mzunguko wa Jumamosi

Na Severa Kayombo, dawati la habari

Bi Mwanne Selemani Nampunga anastaafu leo, Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, baada ya kulitumikia gazeti letu la Gati kwa miaka thelathini na moja. Alianza kazi Juni 1994, gazeti likiwa na umri wa miezi minane na ofisi yetu ya mtaa wa Libya ikiwa na simu moja, tena imefungwa kufuli. Tangu hapo yametoka matoleo elfu moja mia sita na zaidi. Ukiacha likizo zake, yeye amekosa manne tu: mawili kwa uzazi, moja kwa msiba wa mama yake Lindi, na moja kwa sababu ambayo anasema haituhusu.

Wasomaji wengi hawajawahi kuliona jina lake gazetini, maana hakuandika habari hata moja. Alikaa kaunta ya matangazo, pale chini mlangoni, feni ikimpiga mgongoni na vumbi la barabara likimpiga usoni. Hata hivyo, ukitoka hapa hadi Kivukoni, ukarudi Kariakoo na kumalizia Ilala, ni vigumu kupata mtaa usiomfahamu. Wanamfahamu kwa mzunguko wa Jumamosi.

Kwa wageni, mzunguko ni huu. Gati likikosea jina la mtu, picha yake au habari yake, aliyekosea hangoji toleo la wiki inayofuata. Jumamosi anakwenda mwenyewe, kwa miguu, mpaka mahali mtu huyo anapofanyia kazi au anapoishi. Anabeba karatasi ya sahihisho iliyochapwa kwa herufi kubwa, na anaisoma kwa sauti, amesimama, mbele ya majirani. Bi Mwanne ndiye aliyeuanzisha mzunguko huo, na ndiye aliyetusukuma wote tuufanye, wahariri wakubwa pamoja na sisi wa juzi.

Mwaka huu mzunguko ulikuwa uzikwe. Mwezi Februari mkurugenzi wetu, Ndugu Pranav, alibandika waraka ukutani: kuanzia Julai, Bi Mwanne akishaondoka, masahihisho yatapelekwa kwa ujumbe wa simu na kuwekwa kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni, basi. Tumebaki wachache, foleni za mji zinajulikana, na Jumamosi ni Jumamosi. Hakuna aliyeweza kusema kwamba waraka ule haukuwa na akili.

Kamati ya zawadi ilipomfuata Bi Mwanne kumuuliza anapenda nini, ilikuwa imeshazunguka madukani kuangalia majokofu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Jokofu ninalo. Nataka mzunguko uendelee. Mengine nitajinunulia."

Ndugu Pranav mwenyewe alishuka kaunta kumweleza. "Bi Mwanne, mambo yamebadilika. Mtu unamtumia ujumbe, anausoma hapo hapo, yameisha."

"Ujumbe unafika kwake," Bi Mwanne akajibu. "Majirani je?"

Ili mtu aelewe kwa nini mwanamke wa miaka sitini aliacha jokofu kwa ajili ya matembezi ya juani, inabidi kurudi nyuma.

Bi Mwanne alizaliwa Lindi mwaka 1965. Alikuja Dar es Salaam mwaka 1989, akafikia kwa shangazi yake Ilala, akauza khanga kwenye duka la mtu Kariakoo na jioni akajifunza kupiga chapa. Hapa Gati hakuja kuomba kazi. Alikuja kutangaza kwamba anatafuta chumba. Wakati anasubiri risiti akaona kwamba tangazo lililo juu ya nafasi yake limekosewa jina la mtaa, na hakuweza kunyamaza. Mwanzilishi wetu, marehemu Mzee Chandu, ambaye mpaka hapo riziki yake ilikuwa kuchapa kadi za harusi na vitabu vya risiti, alivua miwani akamtazama. "Wewe dada unajua sana," alimwambia. "Kaa hapa basi." Akakaa. Chumba alikipata baadaye.

Jambo la kwanza alilolileta kaunta ni kumsomea kila mteja tangazo lake kwa sauti kabla ya kulipokea. Lilipunguza makosa na liliongeza burudani. Wazee wa ofisi hawajamsahau kijana mmoja wa Ilala, Beno, aliyeleta tangazo la kutafuta mchumba siku ambayo foleni ilifika nje. Bi Mwanne alisoma kama kawaida yake: mrefu, mcheshi, mpole, ana kazi ya kudumu. "Kazi gani ya kudumu, Beno?" ikatoka sauti nyuma. "Ya kukaa kijiweni?" Mwingine akataka kujua huo urefu umepimwa akiwa amesimama juu ya nini. Beno aliomba kalamu, akalipunguza tangazo mpaka likabaki neno "mcheshi". Alioa mwaka uliofuata, na kadi za harusi alichapisha kwetu.

Mwaka 1998 ndipo Bi Mwanne alipofanya kosa lake kubwa, na hajawahi kulificha. Siku hizo picha za matangazo zililetwa kwenye bahasha, picha ndogo za paspoti, nazo zikabandikwa kwa gundi kwenye karatasi ya kupangia kurasa. Jumatano moja kulikuwa na picha mbili za wanaume. Ya kwanza ilikwenda na tangazo la pongezi: familia moja ya Ilala ilikuwa inampongeza ndugu yao, Eliasi Mkapila, kwa kumaliza masomo ya jioni. Ya pili ilikwenda na lile tangazo tunalolijua sote, kwamba mtu ambaye picha yake inaonekana hapo juu si mfanyakazi wetu tena, na asikabidhiwe mzigo wa aina yoyote.

Bahasha zilikuwa zimelowa mvua, picha zikatoka, na Bi Mwanne akazirudisha kwa kuangalia koti. Alikumbuka kwamba yule wa pongezi alikuwa amevaa koti la mistari na tai. Kumbe wote wawili walipiga picha studio moja ya Kariakoo, na studio ile ilikuwa na koti moja tu la kuazimisha wateja, tai ikiwa imeshonewa humo humo. Mji mzima ulikuwa umepiga picha na koti lile. Ijumaa gazeti likatoka: aliyefukuzwa kazi akapongezwa, na Eliasi Mkapila akawa mtu wa kuepukwa.

Ingekuwa mtu wa kazi nyingine, labda tungecheka. Eliasi alikuwa wakala wa vifurushi vya Kusini. Wafanyabiashara wa Kariakoo walimkabidhi mizigo yao, yeye akaipakia kwenye mabasi ya Lindi na Mtwara, na wakati wa mvua aliisindikiza mwenyewe siku tatu njiani. Hakuwa na ghala wala stoo. Alichokuwa nacho ni kwamba watu walimwamini. Kufikia saa nane mchana Ijumaa ile, hakuna aliyempa hata mfuko wa rambo.

Alikuja kaunta na gazeti mkononi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Dada, mimi ni mwizi?"

Bi Mwanne alilichukua gazeti lile. Alipanda juu kwa Mzee Chandu, ambaye aliangalia ukurasa, akashika kichwa, akasema, "Wiki ijayo tutasahihisha. Mistari mitatu, ukurasa wa pili."

"Wiki ijayo atakuwa hana kazi, mzee. Na hao wanaomkimbia hawasomi ukurasa wa pili. Wameangalia picha."

"Sasa wewe unataka nini?"

"Nataka unichapie karatasi mia moja. Picha yake kubwa, maneno makubwa. Kesho nakwenda mwenyewe."

Mzee Chandu alizima mashine ya kadi za harusi, akachapa. Asubuhi ya Jumamosi Bi Mwanne na Eliasi waliingia Kariakoo na karatasi zikiwa bado zinanuka wino. Walianzia mtaa wa Narung'ombe. Kila duka lilikuwa hivyo hivyo: anaamkia, anaomba watu wanyamaze kidogo, anasoma karatasi kutoka juu mpaka chini, halafu anasema, "Kosa ni langu. Naitwa Mwanne, kaunta ya matangazo ya Gati. Huyu kaka hana kosa lolote." Eliasi anasimama pembeni, amevaa shati lake safi, hajui aweke wapi mikono.

Kariakoo si mahali pa kuomba radhi kimya kimya. Mwenye duka mmoja la vitenge alimwuliza mbele ya wateja, "Sasa dada, unatuambia wewe mwenyewe kwamba gazeti lenu lina makosa. Kesho tukuamini kwa lipi?"

"Kesho nikikosea nitakuja tena," akasema Bi Mwanne.

Watu walicheka, lakini mzigo haukutolewa. Duka la kumi, la ishirini, wanasikiliza, wanatikisa kichwa kwa huruma, wanabaki na vifurushi vyao. Saa sita jua likiwa kichwani, Eliasi alimwambia waache, atatafuta kibarua bandarini. Bi Mwanne akamwonyesha bunda la karatasi zilizobaki. Kwenye duka la thelathini na moja, mama mmoja muuza vyombo vya plastiki, mzito wa mwili na mwepesi wa mdomo, alimwachia asome, kisha akamwita Eliasi kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. "Wewe! Mbona unajikunyata kama umeiba kweli? Simama! Chukua robota hili, likifika Lindi mwambie dada yangu apige simu. Lisipofika, nakuja kumchukua huyu dada wa gazeti, nimweke hapa badala ya robota."

Eliasi alilibeba robota lile begani, akapita nalo katikati ya mtaa ule ule aliopitia mikono mitupu. Wenye maduka waliliona likipita. Jumatatu jioni dada mtu alipiga simu kutoka Lindi, na Jumanne Eliasi alikuwa na mizigo mingi kuliko nafasi ya basi. Leo ana malori mawili, na kwenye ubavu wa lori moja ameandika jina la binti yake mkubwa, ambaye anaitwa Mwanne.

Na yule mwingine, aliyefukuzwa kazi na kupongezwa kwa masomo asiyosoma? Alikuja wiki iliyofuata, mpole sana, kutuomba tusimsahihishe. Mama mkwe wake, aliyeangalia picha bila kusoma jina, alikuwa ameshaliwekea tangazo fremu. Bi Mwanne alimwambia gazeti haliwezi kunyamaza. Basi akaomba angalau Jumamosi hiyo apangiwe muda ambao mama mkwe yuko sokoni. Hilo alikubaliwa.

Mzunguko ukawa kanuni, na kanuni ikawa na miiko yake. Aliyekosea hatumi mwakilishi. Husomi umekaa. Hunywi chai ya watu kabla hujasoma, kwa sababu, kwa maneno ya Bi Mwanne, ukishashika kikombe unaanza kujieleza. Wahariri sita wamepita mikononi mwake, wengine wakiwa na shahada mbili, na wote waliwahi kusimama juani Ilala au Magogoni wakisoma kosa lao kwa sauti. Kusahihisha ukurasani ni rahisi, maana ukurasa haukutazami usoni. Kila aliyekwenda mara moja alirudi akiwa mwangalifu zaidi na kalamu yake, na hayo hatukufundishwa chuoni.

Mizunguko mingine ilikuwa sherehe. Mwaka 2009 jedwali letu la bei za samaki, alilolipokea yeye kaunta, lilimpa kolekole, samaki wa ghali, bei ya kibua wa bei rahisi. Bi Mwanne alifika soko la samaki la Feri mnada ukiwa umechanganya, na dalali mashuhuri wa pale, Mrisho, alimpokea kwa mikono juu. "Bi Mwanne umenimaliza! Watu wameshika gazeti lako kama hati ya kiwanja, wanataka kolekole kwa bei ya kibua!" Alimpandisha kwenye meza ya mnada, akanyamazisha wanunuzi, na alipomaliza kusoma Mrisho akapiga meza: "Radhi ya Bi Mwanne hiyo, mbichi, imetoka sasa hivi, nani anaongeza?" Ikanadiwa. Aliishinda mzee mmoja wa Kigamboni, akakabidhiwa karatasi, akaondoka nayo kwenye kivuko akiwa ameikunja mfukoni.

Hayo yote Ndugu Pranav aliyajua. Alikulia ofisini humu, akifanya kazi za shule chini ya kaunta ya Bi Mwanne wakati baba yake, Mzee Chandu, anachapa kadi. Lakini kujua habari za mzunguko na kwenda mzunguko ni mambo mawili. Tangu achukue uongozi mwaka 2011 hakuwahi kuandika kitu gazetini, kwa hiyo hakuwahi kukosea.

Mwezi Mei mwaka huu Bi Mwanne alichukua likizo yake ya mwisho, na kwa uhaba wa watu Ndugu Pranav akakaa kaunta mwenyewe. Umoja wa mama lishe wa Feri ukaleta taarifa yake ya mwezi: majina ya wanachama waliosimamishwa mpaka wasafishe majiko, na chini yake majina ya wanachama waliofanya ukaguzi. Hakumsomea aliyeileta. Aliichapa yote chini ya kichwa kimoja. Mama Ummy, muuza samaki wa kukaanga anayejulikana kwa usafi kuliko wote pale, alikuwa mkaguzi. Gazeti likamtangaza amesimamishwa kwa uchafu.

Ndugu Pranav alipogundua, Ijumaa asubuhi, alifanya kama waraka wake ulivyosema. Alimtumia Mama Ummy ujumbe wa kuomba radhi, mzuri, wa heshima. Mama Ummy akajibu, "Asante bosi, haina shida." Yakawa yameisha.

Jumamosi Bi Mwanne alikwenda Feri kununua samaki wake tu. Akamkuta Mama Ummy saa saba mchana, sufuria zimejaa, mabenchi matupu, na wateja wake wa miaka kumi wamebanana kibanda cha jirani. Alimwuliza kama ofisi imemtafuta. Mama Ummy akamwonyesha simu. "Wamenitumia hii. Nimbandikie nani sasa? Nipite nayo mezani, meza hadi meza?"

Bi Mwanne alimpigia mkurugenzi. Tunajua alichosema kwa sababu soko zima lilisikia. "Pranav, mwanangu, njoo Feri. Uje na karatasi."

Alikuja. Tunalisema hili kwa heshima yote: angeweza kutokuja. Alikuja na karatasi aliyoichapa kwa mashine ya zamani ya baba yake, akasimama kati ya vibanda, viatu vyake vyeupe kwenye maji ya samaki, akaanza kusoma kwa sauti ndogo.

"Paza, mwanangu," Bi Mwanne akamwambia. "Hayo si maombi."

Akapaza. Akafika mwisho, akasema, "Kosa ni langu. Naitwa Pranav. Mama Ummy hakusimamishwa. Mama Ummy ndiye aliyekagua."

Kisha mpakuzi mmoja wa samaki, kijiti mdomoni, akauliza, "Bosi, kama jiko lake safi, mbona wewe huli?"

Hapo ndipo wenye kumjua walipomwonea huruma. Ndugu Pranav hali samaki, hali nyama, hajawahi kula tangu azaliwe, na pale Feri hata hewa ina samaki. Alitazama sufuria. Alimtazama Bi Mwanne, ambaye hakumsaidia. Halafu akavuta benchi, akanawa mikono, akasema, "Mama Ummy, naomba ugali na mchicha. Sahani kubwa."

Alikula wote, mbele ya watu, mpaka akasafisha sahani kwa kidole. Mrisho, ambaye sasa ana mvi lakini sauti haijazeeka, alikuwa ameshapanda juu ya kreti. "Samaki hali huyo! Lakini ugali umepita, na mchicha umepita! Nani anafuata?" Benchi la kwanza likajaa. Saa tisa Mama Ummy alikuwa anakwangua sufuria na kuwafukuza waliochelewa.

Jumatatu waraka wa Februari haukuwepo tena ukutani. Mahali pake pana mwingine, mfupi, wenye saini ya mkurugenzi: mzunguko wa Jumamosi unaendelea kwa wafanyakazi wote wa Gati, mkurugenzi akiwemo, na umeingizwa kwenye kanuni za kazi ili asipatikane wa kuubandua. Bi Mwanne aliusoma amesimama, akauliza kwa nini neno moja limerukwa, wakalirekebisha.

Bi Mwanne, tunakushukuru kwa miaka yote hii, kwa kutusomea, kwa kutusuta, na kwa kutushika mkono tuliposhindwa kuingia dukani. Umetuachia kazi yenye aibu kidogo na heshima nyingi. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na wajukuu wasiokuamsha mapema.

Gazeti la leo lina kosa moja, ukurasa wa tano, ambao ulikuwa umeshachapwa tulipoligundua: tumebadilisha jina la bwana harusi wa mtaa wa Amana, Ilala, na aliyekosea ni mwandishi wa wasifu huu. Karatasi imeshachapwa. Anakwenda kesho, mwenyewe, na tunakuomba sana usije kumsindikiza. Kesho wewe lala. Jumamosi zote kuanzia sasa ni zako.